Raba za binti yangu zinatoboka mguu mmoja tu. Nifanye nini?

Mama mmoja wa Kangemi, Nairobi, ameniandikia hivi: "Binti yangu ana miaka 14 na amependa skeitibodi kuliko chochote. Kila Jumamosi yuko uwanjani Shangilia. Shida yangu ni raba. Namnunulia soko la Toi, raba nzuri za kampuni, lakini wiki tatu haziishi kabla ya ile ya kushoto kutoboka ubavuni, karibu na kidole kidogo. Ya kulia bado ni kama mpya. Nimempelekea fundi mara mbili akatia kiraka, na mara zote mbili kiraka kimebanduka. Je, nauziwa raba mbovu? Au ni binti anayeteleza vibaya? Kuna kitu cha kupaka? Baba yake amechoka na gharama, anataka aache mchezo."

Mama, raba hazina kosa na binti hana kosa. Nina miaka 16 juu ya ubao, na miaka 9 kati ya hiyo nimekuwa nikiwashonea na kuwabandikia watelezaji wenzangu viatu, kwa hiyo ukinieleza tundu liko wapi naweza kukuambia mtoto amefika wapi. Anayejifunza kusimama tu humaliza soli. Anayeogopa humaliza kisigino, kwa kuwa kila saa anashusha mguu chini kujizuia. Binti yako ametoboa ubavu wa kushoto karibu na kidole kidogo, maana yake anateleza akitanguliza mguu wa kushoto na tayari ameanza kuruka. Hiyo ni habari njema iliyokuja na gharama, na gharama hiyo tunaweza kuipunguza sana.

Ukiushika ubao wake utaona juu yake pamebandikwa kitu cheusi chenye chenga kali. Huo ni msasa, ndugu wa ule ambao seremala anasugulia mbao. Chenga zake kwa kawaida ni kabaidi ya silikoni, kitu kigumu kuliko chuma na kuliko kioo. Uko pale ili soli isiteleze, na bila huo hakuna anayeweza kusimama juu ya ubao unaokwenda mbio. Lakini msasa hauchagui. Soli ya mpira ikiukanyaga, inashikwa. Ubavu wa kitambaa ukiupitia, unaliwa.

Na ubavu lazima uupitie. Mruko wa kwanza ambao kila mtoto hujifunza unaitwa oli. Anapiga mkia wa ubao chini kwa mguu wa nyuma, pua inainuka, na papo hapo anaulaza mguu wa mbele kwa ubavu na kuuvuta kwenda puani. Ni huko kusugua kunakouelekeza ubao upande hewani pamoja naye. Miguu haijafungwa popote kwenye ubao, hakuna kamba wala gundi. Ni msuguano unaoufanya ubao uufuate mguu. Akirudia mruko huo mara 60 jioni moja, ubavu wa raba umepigwa msasa mara 60, tena mahali palepale, eneo ambalo mwanzoni halizidi sarafu ya shilingi 20. Akiongeza kikflipi, ule mruko wa kuuzungusha ubao hewani, eneo hilo husogea kidogo mbele na kupanda juu, likaribie ncha ya kidole kidogo.

Zamani raba hazikuumia hapo. Alan Gelfand, kijana wa Florida huko Marekani, ndiye aliyeanza kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono, mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa kwenye kuta za mviringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rodney Mullen, naye wa Florida, akauleta mruko huo kwenye sakafu tambarare. Tangu hapo tundu likapanda kutoka kwenye soli kwenda ubavuni, na watengenezaji wa viatu wamekuwa wakilifukuza mpaka leo. Hata suala la mguu mmoja kuisha kabla ya mwenzake si geni: Vans, kampuni iliyofungua duka lake Anaheim, California, mwaka 1966, ilikuwa ikiwauzia watelezaji wa wakati ule kiatu kimoja kimoja, maana walikuwa wakirudi dukani na mguu mmoja mbovu na mwingine mzima.

Sasa nije kwenye kosa lililofanyika, nalo ni la wakati. Fundi aliletewa raba tundu likiwa limeshatokea. Raba ya ubao hutibiwa siku ileile inaponunuliwa, kabla haijagusa msasa hata mara moja, kwa sababu gundi hushika vizuri kwenye kitu kizima na kisafi, na kwa sababu tabaka unalopaka ndilo linaloliwa badala ya raba. Likiisha unapaka jingine. Ukingoja tundu, gundi inabaki kushikilia nyuzi zilizokwisha kukatika, na nyuzi hizo hazina pa kujishikiza.

Kabla ya kupaka, tuzungumze kununua, maana nusu ya vita huishia sokoni. Kuna raba za kanvasi, za ngozi bandia, za ngozi laini na za swedi. Kanvasi ni kitambaa kilichosukwa, na hufanya kama mkeka: ukikata ukindu mmoja, jirani zake wanalegea wote. Binti akianza kuruka kwa raba ya kanvasi, wiki tatu ni nyingi. Ngozi bandia inadanganya macho, inang'aa na inaonekana nzito, lakini mara nyingi ni utando mwembamba wa plastiki juu ya kitambaa. Utando ukichubuka, kilichobaki ni kitambaa. Ngozi laini halisi ni nzuri kiasi. Inayofaa kuliko zote ni swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi. Swedi haikusukwa. Nyuzi za ngozi zimejisokota zenyewe kila upande, hivyo msasa unalazimika kuzing'oa moja moja, na kila tabaka linaloondoka linaacha jingine kama lilelile chini yake.

Utaijuaje swedi ya kweli kwenye rundo la mitumba? Pitisha kidole: manyoya yakilala upande mmoja rangi inakolea, ukirudisha inafifia. Kisha tazama kwa ndani au kwenye ukingo wa ulimi wa kiatu, utaona unene. Swedi ya kuigiza ni kitambaa kilichonyunyiziwa vumbi la manyoya. Ukikikwaruza kwa ukucha kinaacha kipara.

Angalia pia mahali mshono ulipo, na hapa wengi hukosea. Raba inaweza kuwa ya swedi nene kabisa na bado ikaisha mapema kwa kuwa mshono unapita katikati ya eneo linalosuguliwa. Uzi ndio wa kwanza kukatika. Ukikatika, vipande viwili vya ngozi ambavyo vyenyewe ni vizima vinafunguka kama kitabu, nawe unadhani raba imechanika. Kwa hiyo tafuta raba ambayo sehemu yote ya mbele, kuanzia ncha ya vidole hadi chini ya matundu ya kamba, imekatwa kipande kimoja. Isiwe na matundu ya kupitisha hewa ubavuni, isiwe na nembo iliyoshonewa hapo, isiwe na wavu. Zipo raba ambazo watengenezaji wameficha tabaka la mpira chini ya swedi mahali hapo. Ukibonyeza kwa kidole gumba utasikia ugumu kidogo wa mpira. Ukizipata saizi yake, usizirudishe kwenye rundo.

Jambo jingine la mitumba ni umri. Raba inaweza kuwa haijavaliwa hata siku moja na ikawa mzee. Baadhi ya soli zina tabaka la povu la poliyurethani ndani yake, na povu hilo huharibiwa polepole na unyevu wa hewa, hata likiwa kabatini. Siku ya kwanza ya kuruka linamung'unyuka kama keki kavu. Shika raba kwa mikono miwili, ikunje soli pale vidole vinapokunjikia, usikilize na utazame. Ikitoa mlio wa kuvunjika, au ukiona nyufa ndogondogo, au ukingo wa mpira umeanza kuachia, iache hata kama bei ni ya kutupa.

Na mama, naomba nikuguse kidogo. Sisi wote tulinunuliwa viatu vikubwa ili "tukue ndani yake". Kwa shule sawa, kwa ubao hapana. Raba kubwa hukunjamana mbele, na kila kunjo ni mgongo unaochomoza kwenda kukutana na msasa. Mguu nao unacheza ndani, kwa hiyo binti analazimika kusugua kwa nguvu zaidi ili ubao umtii. Acha nafasi ya upana wa kidole kimoja tu mbele ya kidole gumba chake, akiwa amesimama. Raba inayobana vizuri huishi zaidi, na pia inamkinga na kuteguka.

Sasa siku ya kwanza nyumbani. Fanya kazi hii nje au dirishani, penye hewa, na wadogo wasiwe karibu.

Anza na nyuzi. Mpe binti avae raba, apande ubao akiwa amesimama tu kwenye nyasi au zulia, alaze mguu wa kushoto kama anataka kuruka. Chukua chaki uchore duara pale raba inapogusa msasa. Avue. Kila mshono ulio ndani ya duara hilo na upana wa vidole viwili kulizunguka unatakiwa upate supaglu. Tone dogo tu, lisambazwe kwa kijiti cha meno mpaka uzi unywe na ubaki umetota. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kucha, na huo ugumu unafaa kwa uzi, kwa sababu uzi haukunjwi sana. Usiipake juu ya ngozi yenyewe. Pale raba inapokunjika itapasuka na kuwa na ncha kali. Tahadhari moja ambayo siwezi kuiruka: supaglu ikimwagikia pamba, ikiwa ni uzi wa pamba, kanvasi au soksi, hupata moto ghafla kiasi cha kuunguza. Kwa hiyo kamwe usiipake raba ikiwa mguuni, wala usifute kwa kitambaa cha pamba.

Baada ya nyuzi, ngozi yenyewe. Hapa unahitaji gundi inayobaki laini ikikauka, inayokunjika pamoja na raba na isiyolika haraka. Watelezaji wa Marekani hutumia Shoe Goo, gundi ya tyubu iliyotengenezwa kwa kazi ya viatu, na ukipata ndugu wa kukuletea moja usikatae. Lakini huna haja ya kuingoja. Nenda kwa wanaobandika vioo vya mbele vya magari, uliza gundi ya poliyurethani wanayotumia. Ni nyeusi, nzito, inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na ikishakauka ni mpira kamili. Mara nyingi baada ya kazi kunabaki kidogo kwenye mfuko ambacho kingekauka bure. Mimi raba zangu zote nyeusi napaka hiyo.

Silikoni ya kuzibia madirisha na sinki isikuvutie kwa bei yake. Haishiki ngozi sawasawa, inachunika kama ganda la ndizi, na mahali ilipopita hakuna gundi nyingine itakayokubali tena. Raba iliyopakwa silikoni nikiletewa, mara nyingi nairudisha kwa mwenyewe kwa huzuni. Gundi ya fundi viatu, ile ya rangi ya asali, nayo ina kazi yake ambayo nitaisema baadaye, lakini si ya kupaka juu. Hubaki na unato, inakusanya vumbi lote la uwanja, na msasa unaikwangua siku moja.

Upakaji ni hivi. Piga swedi kwa mswaki mkavu hadi vumbi litoke, kisha ikwaruze ndani ya lile duara kwa kipande cha msasa, kidogo tu, ili manyoya yasimame. Zungushia selotepu nje ya duara ili ukingo utoke safi. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Weka gundi, uisambaze kwa kijiti cha aiskrimu hadi iwe na unene wa milimita moja, isizidi mbili. Watu hupenda kurundika wakidhani unene ndio ulinzi. Tabaka nene hujikunja vibaya na hubanduka kwa pamoja, jembamba linaliwa taratibu na unaliongeza. Ukitaka uso uwe laini, lowesha kidole cha plastiki kwa maji ya sabuni upitishe juu. Bandua selotepu gundi ikiwa bado mbichi. Kisha, na hili ndilo gumu kwa mtoto wa miaka 14, raba ikae siku mbili kamili bila kuguswa. Akiipandia ubao baada ya saa sita, ameitupa kazi yako.

Nikupe jambo lingine la siku hiyohiyo: kamba. Watoto wengi kabla hawajatoboa raba huwa wameshakata kamba mara nne. Msasa huzipata pale chini kabisa, tundu la kwanza na la pili, upande wa nje. Dawa rahisi kuliko zote ni kuyaacha matundu hayo mawili ya chini bila kamba upande ule. Raba bado itakaza. Akiona inalegea, apitishe kamba, halafu ile sehemu inayojitokeza upande wa nje aipake gundi ileile ya ubavuni. Kamba ya nailoni huishi kuliko ya pamba, na ukiikata unachoma ncha kwa kiberiti isifumuke.

Nije kwa kiraka kilichobanduka, maana nadhani hilo limekuuma. Simlaumu fundi wako. Yeye anashona viatu vya kutembelea, na kiatu cha kutembelea hakisuguliwi ubavuni. Kwa kazi ya ubao kuna mambo matatu ya kumwomba. La kwanza, kiraka kiwe cha swedi, na pana kuliko tundu kwa vidole viwili kila upande. Mafundi wengi wana mabaki ya viatu vilivyokufa, wataipata. La pili, kingo za kiraka zinyolewe kwa kisu zikawa nyembamba kama karatasi, maana ukingo mnene ni mdomo ambao msasa utauchokonoa mpaka uuvute. La tatu, gundi ya asali ipakwe pande zote mbili, kwenye kiraka na kwenye raba, iachwe dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ukiigusa isishike kidole, ndipo vibandikwe na kugongwa kwa nyundo. Fundi mwenye foleni hubandika gundi ikiwa mbichi, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya viraka kubanduka. Kama ni lazima kushona, mshono ukae nje ya eneo la kusugua. Akishamaliza, wewe nyumbani unapaka supaglu kwenye nyuzi na gundi ya mpira juu ya kiraka, kama raba mpya.

Tundu likiwa limeshapenya mpaka soksi inaonekana, weka kiraka kingine kwa ndani kwanza. Kitambaa chochote kigumu kinafaa, hata kipande cha suruali ya jinzi. Cha nje kikiegemea cha ndani vinashikana kupitia tundu, na hapo hakuna pa kubandukia.

Fundi anaweza kukushauri kiraka cha tyubu ya boda boda. Kinabandika vizuri kama tyubu imekwaruzwa kwa msasa hadi ing'ao iishe, na kinadumu sana. Lakini mwulize binti kwanza. Mpira unaushika msasa kupita kiasi, na mguu unaotakiwa kuteleza unakwama. Wengine wakishatiwa tyubu hawawezi tena kuupindua ubao, na wanakata tamaa wakidhani uwezo wao umeshuka. Vivyo hivyo soli ya tairi. Akala zinaishi miaka mingi, najua, ila mtelezaji anausoma ubao kwa nyayo, na soli ya tairi ni nene na ngumu, inamfanya awe kama mtu anayeshika sindano akiwa amevaa glavu. Kipande cha tairi kwenye kisigino pekee, hicho sawa.

Tepu pana ya kijivu, ambayo watoto huzungushia raba, nayo ina historia yake. Mwaka 1989 Vans ilimtengenezea mtelezaji Steve Caballero kiatu cha shingo ndefu, na vijana wakaanza kukikata shingo na kuzungushia tepu ili kiwe chepesi mguuni. Kampuni ikaona, na mwaka 1992 ikatoa kiatu kilichokatwa tayari, ambacho kinauzwa hadi leo. Napenda kuwakumbusha vijana hilo, kwamba mikono ya watelezaji ndiyo iliyowafundisha wenye viwanda. Lakini tepu kama ulinzi ni ya jioni moja tu. Inateleza, inajikunja, na ikitoka inaondoka na manyoya ya swedi.

Yapo mengine madogo ya kila siku. Raba za ubao ziwe za ubao tu: abebe kwenye mfuko, avalie uwanjani, atembee na nyingine. Kokoto na tope za njiani zinamaliza soli bila faida. Zikilowa, msimu wa mvua ndefu hasa, asiteleze nazo hadi zikauke, kwani ngozi iliyolowa ni laini na msasa unaila mara moja. Kukausha ni ndani, kivulini, zikiwa zimejazwa gazeti. Usizianike juani siku nzima wala kuziweka kando ya jiko: swedi inakakamaa na gundi ya soli inalegea. Swedi haioshwi kwa kuzamishwa kwenye beseni. Mswaki mkavu unatosha, na doa hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Akibadilisha msasa wa ubao, ujue wiki hiyo raba ziko hatarini kuliko wakati wote. Msasa mpya ni mkali mno. Achukue kipande kilichobaki alichokata pembeni, akisugue juu ya sehemu ile ya mbele ambapo ubavu unapita, kwa dakika moja tu. Makali ya juu yanavunjika, na ushikaji unaobaki unatosha. Chini ya mguu wa nyuma asiguse.

Kuhusu kuteleza kwenyewe, kuna tabia moja ya kumwuliza. Wanaojifunza oli hudhani ubao unainuliwa kwa kusugua kwa nguvu, kwa hiyo wanaukandamiza mguu wa mbele. Kinachoinua ni kipigo cha mkia na goti la mbele kupanda juu. Ubavu unaelekeza tu. Aombe mmoja wa wakubwa pale Shangilia amwangalie. Mruko wake ukiwa mwepesi, msasa utaila raba polepole, na wala hutahitaji kununua chochote kwa ajili hiyo.

Baba yake naomba asikie hesabu hii. Raba zangu mimi, na mimi naruka zaidi ya binti, zilikuwa zinakufa mwezi mmoja nilipokuwa sijui. Sasa jozi ya swedi niliyoipaka siku ya kwanza na kuirudia kila tabaka linapoisha inanivusha miezi minne. Nimewaona watoto wenye kipaji wakiacha ubao kwa sababu ya viatu tu, wakaona aibu kuomba tena nyumbani. Sipendi binti yako awe mmoja wao, na haina haja.

Jozi aliyonayo sasa usiitupe. Ya kushoto fuata maelezo ya kiraka cha ndani na cha nje. Na ile ya kulia, ambayo unasema ni kama mpya, ina thamani. Uwanjani kuna watoto wanaotanguliza mguu wa kulia, nao humaliza raba ya kulia na kubaki na ya kushoto nzima. Mwambie atafute mmoja wa saizi yake aliye tayari kununua naye raba za aina moja. Zikifika wiki ya kuchakaa wabadilishane: yeye achukue ya kushoto iliyo nzima, mwenzake achukue ya kulia. Mimi na rafiki yangu tulifanya hivyo miaka mitatu, tukanunua jozi moja kila mmoja na kuzitumia kama mbili. Rangi zisipolingana sana, uwanjani hakuna atakayeuliza.

Tundu la sasa likiwa limeshapita upana wa vidole vitatu, niandikie kabla hujalipeleka kwa fundi, na unitumie picha ya ubavu na ya soli.